Nilikuwa Natazama Upande wa Juu wa Jani

Aprili 2023 niling'oa minyanya 300 katika grinihausi yangu hapa Dagoretti, Nairobi, mingine ikiwa bado na maua. Kijana anayenisaidia alisimama mlangoni na gunia mkononi, akasema, "Mama, anza wewe. Mimi siwezi kung'oa mti ulio na maua." Nikaanza. Tulimaliza siku ya pili jioni, na usiku ule usingizi haukuja.

Kila kiangazi napokea picha kwenye simu kutoka kwa watu wa Ruai, Utawala, Kikuyu, hata Ngong. Majani ya nyanya yamejikunja, kingo zimekuwa njano, na swali ni lile lile: nipulizie dawa gani? Mimi pia niliuliza hivyo kwa miezi miwili, na nililipia jibu mara tatu, kila mara jibu tofauti. Ndiyo maana nimeona niyaandike yote kwa mpangilio, habari ya nzi weupe na kirusi wanachokileta kwenye nyanya, kuanzia siku ya miche.

Nilistaafu uuguzi mwaka 2021 baada ya miaka 26 wodini. Sehemu ya kiinua mgongo ilijenga grinihausi ya mbao na plastiki, mita 8 kwa 15, pamoja na tangi na mipira ya dripu, ile ya kumwagilia tone kwa tone. Yote ilinigharimu shilingi 185,000. Nilipanda mara ya kwanza mwezi wa Mei, na nyanya zikaitika. Mama mboga wa Kawangware walikuwa wakifika alfajiri na ndoo zao, tunapima, wananilipa hapo hapo. Niliamini nimeijua kazi. Kumbe baridi ya Juni na Julai ndiyo iliyonilinda, maana wakati huo wadudu ni wachache na huzaana polepole.

Mara ya pili nilipanda Januari 2023. Mtakumbuka ule ukame. Mvua za vuli zilikuwa zimetoroka tena, na huku kwetu magugu ya kando ya barabara, sukuma za watu na maharagwe ya mwisho, vyote vilikuwa vinakauka. Kitu kibichi pekee kwenye ule upande wa mtaa kilikuwa ndani ya plastiki yangu. Mdudu anayeishi kwa kunyonya majani, chakula chake kikikauka, huhama. Hilo halikunijia akilini hata kidogo.

Miche 320 niliinunua kwenye kitalu cha kando ya barabara, shilingi 18 kwa mche. Ilikuwa imesimama vizuri, kijani kinang'aa. Kitalu chenyewe kilikuwa na wavu mweusi wa kivuli juu, pembeni wazi, na hatua chache kutoka hapo palikuwa na pilipili hoho kuukuu ambazo hakuna mtu alikuwa anazichuma. Nilimuuliza muuzaji kama miche ina shida yoyote. "Iko sawa kabisa, mama." Nikalipa, nikapakia kwenye boda boda. Katika miche 320 sikugeuza jani hata moja.

Wiki ya tatu baada ya kupandikiza niliona minyanya sita karibu na mlango imebadilika. Majani ya kileleni yalikuwa madogo, kingo njano, yamejikunja kwenda juu kama mtu aliyekinga viganja apokee maji. Pingili za shina zilikuwa fupi, kwa hiyo kilele kilionekana kama kichaka. Minyanya mingine yote ilikuwa sawa. Nikasema mbolea imepungua.

Duka la kwanza la dawa za kilimo liliniuzia mbolea ya majani yenye zinki na kalisi. Nilipulizia siku 14, hakuna badiliko, na sasa mimea ilikuwa 30. Duka la pili likasema ni utitiri, likanipa dawa ya utitiri. Duka la tatu, kijana mmoja alitazama picha kwenye simu yangu sekunde chache, akasema ni nzi weupe, akanipa chupa ya dawa ya nzi weupe. Huyo alikuwa amekaribia ukweli. Ila hakuniambia kwamba kuua nzi ni jambo moja na kuponya mmea ni jambo jingine, nami sikuuliza. Nilipulizia chupa ile kila Jumamosi, na nilipoona nzi bado wapo nikaongeza kipimo maradufu. Mimi, ambaye sikuwahi kumwongezea mgonjwa dozi kwa kubahatisha, nilifanya hivyo kwa chakula ambacho watu wangekula. Hilo bado linaniuma kuliko pesa.

Kufikia wiki ya sita mimea 110 ilikuwa imejikunja. Maua yalikuwa yanaanguka kabla ya kushika tunda. Ukipita kati ya mistari asubuhi, chini kumetapakaa njano kama mtu amemwaga punje za mahindi.

Siku iliyonifungua macho ilikuwa ya kawaida tu. Nilikuwa nafunga mnyanya kwenye kamba, saa saba mchana, mkono ukateleza ukagonga mti. Wakapaa. Wingu jeupe lilitoka chini ya majani kama majivu ya jiko lililopulizwa, likazunguka kichwani mwangu, kisha baada ya muda mfupi likatua tena chini ya majani. Mimi siku zote nilikuwa nimesimama, natazama mmea kutoka juu, na wao walikuwa wanaishi upande wa pili.

Kesho yake niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wakati huo baridi inawashika, hawaruki. Nilichukua ile lenzi ya kusomea maandishi madogo, nikageuza majani polepole. Wakubwa walikuwa kama chembe za unga wa ngano, mabawa yameinama kama paa la nyumba. Kwenye majani ya katikati kulikuwa na vitu bapa, rangi ya maji ya ndizi, vimebandikwa jani kama magamba ya samaki mdogo. Hao ni watoto wao, hawatembei, wananyonya hapo hapo mpaka waote mabawa. Mengine yalikuwa maganda matupu yaliyopasuka mgongoni, mwenyewe ameshatoka. Jani moja tu, nililolishika kati ya vidole viwili, lilikuwa na hatua zote za maisha yao pamoja. Dawa yangu ya kila Jumamosi ilikuwa ikigusa wale wakubwa wa majani ya juu, na mayai yanabaki. Kwenye joto la grinihausi yai hufika kuwa nzi kamili kwa takriban wiki tatu, kwa hiyo kila wiki kulikuwa na wapya.

Baadaye nilipata afisa wa kilimo wa kaunti kwenye kliniki ya mimea siku ya soko. Kama hujawahi kusikia, ni meza tu na kiti, unaleta mmea wako unaougua, unaulizwa maswali kama mgonjwa. Nilibeba tawi moja. Hakutaja dawa yoyote. Aliniuliza, "Mama, ilianzia majani ya juu au ya chini? Ilianza yote pamoja au mmoja mmoja? Ilianzia upande gani wa nyumba?" Nilijisikia niko wodini tena, nikimwona daktari mzuri akichukua historia.

Alinieleza sababu ya maswali yale, na nimeyatumia tangu siku hiyo. Njano inayoanzia majani ya chini, kati ya mishipa, mara nyingi ni upungufu wa magnesi, kwa sababu mmea hunyang'anya majani ya zamani ili kulisha machanga. Majani ya chini yakijikunja na kuwa magumu lakini kilele kinaendelea kukua na matunda yanashika, tazama joto na umwagiliaji wako, huenda hakuna ugonjwa. Dawa ya magugu ikipeperushwa kutoka kwa jirani huyafanya majani yawe membamba na kusokoteka, na hupiga upande mzima kwa siku moja. Lakini machanga yakiwa madogo, njano kingoni, yamekinga juu, mmea umedumaa, maua yanaanguka, na ugonjwa unatembea kutoka mlangoni kwenda ndani mti kwa mti, hiyo ni njia ya mdudu. Mbolea haipungui kwa kuanzia mlangoni.

Aliniambia nipime. Nilipeleka sampuli kwenye maabara moja upande wa Kabete, na hapa pia nilikosea: mara ya kwanza nilifunga majani kwenye mfuko wa plastiki, yakalowa na kuanza kuoza, nikarudishwa. Chukua tawi la kileleni lenye majani machanga kutoka kwenye mimea mitatu au minne iliyo katika hatua tofauti, lifunge kwa gazeti kavu, andika tarehe na sehemu ya shamba, na ulipeleke asubuhi ya Jumatatu au Jumanne. Ukipeleka Ijumaa litalala hapo wikendi nzima. Usichukue mmea uliokwisha kufa, hautaeleza kitu. Matokeo yangu yalitoka baada ya siku tisa: virusi vya kukunja na kugeuza njano majani ya nyanya, ambavyo watu wa maabara huviita TYLCV.

Nilipoelezwa jinsi vinavyosafiri, nilikaa kimya. Nzi mweupe akinyonya mmea mgonjwa kwa dakika 15 hadi 30 tu anaweza kuvibeba. Vinapita tumboni mwake, vinaingia kwenye damu yake, vinafika kwenye tezi za mate, na baada ya saa kadhaa yuko tayari kuambukiza. Tangu hapo anaweza kuendelea kuambukiza kwa wiki nyingi, pengine mpaka afe. Miaka 26 nilifundisha akina mama habari ya mbu na malaria, kwamba homa unaitibu lakini mbu yuko chumbani, funga neti. Na mimi mwenyewe nilikuwa nafukuzana na homa ya majani na mlango wa nyumba uko wazi. Tofauti ni moja, na ni kubwa: malaria ina dawa. Mnyanya ulioingiwa na kirusi hiki hauponi. Hakuna chupa dukani inayoutibu, na yeyote anayekuuzia chupa kwa ahadi hiyo anakuibia.

Kitu kingine kilichonifikirisha ni muda. Dalili huonekana wiki mbili hadi tatu baada ya mmea kuambukizwa. Nilichukua kalenda, nikahesabu kurudi nyuma kutoka siku ile nilipoona mimea sita ya kwanza. Nikafika kwenye wiki ya kupandikiza. Ama ilitoka kitaluni na ugonjwa, ama iliambukizwa siku za mwanzo kabisa, nilipokuwa naacha mlango wazi ili miche "ipate hewa". Wakati macho yangu yanaona sita, tayari kulikuwa na mingine mingi iliyoambukizwa na bado inaonekana mizima.

Kwa hiyo laiti ningeng'oa ile sita siku ile ile. Kwa kweli niliing'oa miwili, lakini nikaitupa nyuma ya nyumba karibu na uzio, ikanyauka hapo. Mmea ukinyauka nzi hawafi nao, wanaruka kutafuta mwingine. Niliwasafirisha mwenyewe.

Gharama za msimu ule niliziandika kwenye daftari, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho. Miche shilingi 5,760. Samadi na mbolea 9,500. Kibarua 13,000. Maji 6,200. Dawa na mbolea za majani, 17,350. Jumla 51,810. Niliuza nyanya ndogo ndogo za shilingi 7,400. Hasara 44,410, na kipande kikubwa kuliko vyote ni zile chupa ambazo hazingeweza kusaidia hata kama ningezinunua mara mbili.

Namna ya kung'oa ina utaratibu wake, na afisa alinisimamia kwa simu. Kwanza jioni, nzi wakiwa wametulia, tulipulizia kwa kipimo sahihi cha kwenye lebo ili kupunguza wale wanaoruka. Asubuhi na mapema tulikata mmea mmoja mmoja na kuuingiza kwenye mfuko mkubwa wa plastiki pale pale uliposimama, tukafunga mdomo. Mifuko ikakaa juani siku kadhaa kabla ya kuzika. Usiburute mmea mgonjwa kupita katikati ya mizima. Usiupeleke kwenye mboji ukiwa mbichi. Baada ya hapo tuling'oa kila jani la kijani ndani na mita tatu kuzunguka nje, magugu yote, hata ule mnavu niliokuwa nauacha kando kwa mboga, kwa sababu nao ni jamaa wa nyanya. Nyumba ikafungwa, tupu, wiki nne. Nzi asiye na jani la kunyonya hamalizi wiki.

Wiki hizo nne zilikuwa ngumu. Ukipita unaona nyumba ya shilingi 185,000 imefungwa kama kaburi. Binti yangu aliniambia, "Mama, uza hiyo plastiki upumzike." Sikumjibu. Nilikuwa natafuta matundu.

Niliingia ndani saa sita mchana, nikafunga mlango, nikatazama mwanga unapopenya. Kulikuwa na mpasuko wa viganja viwili pale mpira wa dripu unapoingia. Kulikuwa na nafasi chini ya mlango panya anaweza kupita, sembuse nzi wa milimita moja. Neti ya pembeni ilikuwa ya matundu makubwa, inazuia ndege na nondo tu. Kwa nzi weupe unahitaji neti laini, matundu 50 kwa kila inchi. Niliibadilisha kwa shilingi 21,000, na niseme wazi ubaya wake: hewa inapungua, joto linapanda, unyevu unakaa, na bakajani, ugonjwa wa ukungu wa majani, hupenda hali hiyo. Ikabidi niongeze nafasi ya juu ya kutolea hewa, nayo ina neti, na nipunguze majani ya chini mara kwa mara. Mlango sasa ni miwili, ukiingia wa kwanza unaufunga, ndipo unafungua wa pili. Kati yake kuna beseni la maji na koti la kazi linalobaki hapo. Koti ni la bluu iliyokolea. Zamani nilikuwa naingia na fulana ya njano niliyopewa kwenye kampeni ya chanjo. Nzi weupe huvutwa na rangi ya njano, na kijana wangu ndiye aliyeniambia siku moja, "Mama, angalia mgongo wako," nikaivua nikakuta wamejaa.

Udhaifu huo wao wa rangi ndio tunautumia sasa. Nilikata mabati mepesi, nikapaka rangi ya njano, juu yake grisi. Baadaye nikaanza kununua kadi za gundi za njano. Ninazo nane, moja kwenye kila mlango, nyingine zimening'inia sawa na kilele cha mimea, na nazipandisha mimea inavyokua. Kazi ya kadi hizi, kwangu, ni kupima. Kila Jumatatu na Alhamisi alfajiri nahesabu walionaswa, naandika. Halafu nachagua mimea 20 nikitembea kwa zigizaga, kwa kila mmoja nageuza jani moja la juu na moja la katikati. Dakika 25. Hesabu ikipanda mara mbili mfululizo, natafuta tundu kwanza, dawa baadaye.

Dawa bado natumia, sitaki kudanganya mtu. Ila nimejifunza kusoma lebo. Lebo nyingi zina namba ya kundi inayoonyesha dawa inavyofanya kazi mwilini mwa mdudu. Chupa tatu zenye majina matatu zinaweza kuwa kundi moja, na ukizizungusha unadhani unabadilisha, kumbe unawafundisha nzi kustahimili. Badilisha kundi, achana na jina. Hakikisha chupa ina namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini. Pulizia jioni, elekeza mdomo wa pampu juu ili dawa iguse tumbo la jani. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zihesabiwe kwa uaminifu, hata kama mteja yuko mlangoni. Wiki za mwanzo mimi hutumia mafuta ya mwarobaini, yanawapunguza wachanga wasikue. Na hata dawa kali ina kikomo: nzi anayeingia kutoka nje na kirusi tayari mdomoni anahitaji muda mfupi tu wa kunyonya kuuacha mmea mgonjwa, hata kama atakufa saa moja baadaye. Ndiyo maana neti inanifaa kuliko pampu.

Miche sasa naotesha mwenyewe, chini ya neti ile ile, kwenye trei. Nimechagua mbegu zinazostahimili kirusi hiki. Ni ghali, na kustahimili si kinga kamili. Mmea unaweza kubeba kirusi bila kuonyesha sana, ukawa chanzo kwa jirani mwenye mbegu za kawaida, kwa hiyo ukaguzi haukomi.

Na jirani ndiyo sehemu niliyochelewa zaidi. Upande wa pili wa uzio kulikuwa na minyanya ya mama mmoja iliyokwisha kuvunwa, imeachwa isimame na magugu mpaka ijifie. Nilimlaumu moyoni miezi mingi bila kumwambia kitu. Nilipokwenda hatimaye, nikabeba sukari kidogo kama ilivyo desturi, kumbe yeye alikuwa amepoteza nyanya zake kabla yangu, na alidhani ni mimi niliyemletea wadudu kutoka kwenye ile nyumba ya plastiki. Tulikaa jikoni kwake, nikamwonyesha jani kwa lenzi. Akasema, "Kumbe ni hivi vidude?" Ndivyo tulivyoanza.

Afisa alitusimulia kwamba katika Jamhuri ya Dominika, miaka ya 1990, kirusi hiki kiliangusha kilimo cha nyanya, na kilichowainua ni kukubaliana kwamba kwa miezi mitatu kila mwaka hakuna anayepanda mmea anaoupenda nzi mweupe. Daraja la kirusi kutoka msimu mmoja hadi mwingine linakatika. Shemeji yangu wa Bomet alielewa haraka kuliko sisi. Septemba 2011 ugonjwa wa mahindi, ule wa MLN, ulionekana huko kwa mara ya kwanza nchini. Virusi viwili vinakutana kwenye mmea mmoja, kimoja huletwa zaidi na thripsi, wadudu wadogo membamba, na mbawakavu, kingine na vidukari, na hindi linakauka kutoka katikati. Wengi walidhani ni ukame, wengine wakataja mambo ya laana. Waliambiwa wasipande mahindi juu ya mahindi, wabadilishe na maharagwe au viazi. Shemeji alibadilisha, jirani yake hakubadilisha, na msimu uliofuata ugonjwa ulivuka mpaka bila kuuliza shamba ni la nani.

Sisi tuko saba katika njia yetu. Miezi mitatu haikuwezekana, watu wanakula kutoka kwenye shamba hilo hilo. Tulikubaliana wiki sita, kuanzia katikati ya Januari: hakuna nyanya, hakuna pilipili hoho, hakuna masalia yaliyosimama. Vitunguu na spinachi vinaruhusiwa. Mwaka wa kwanza watano walitimiza. Mmoja alikuwa na karo ya kidato cha kwanza ya kulipa, na hoho zake zilikuwa zimeanza kutoa. Hatukumgombeza. Tulimchangia neti.

Mwaka jana nilipata kitu kingine, majani machanga yenye rangi ya shaba na nyanya zenye miduara kama pete. Hicho ni kirusi tofauti, kinaletwa na thripsi, ambao hukipata wakiwa wachanga tu na kukibeba maisha yao yote. Kadi za kuwanasa hao ni za bluu. Safari hii nilifunga mifuko siku ile ile, mimea minne, na sikuona mwingine.

Leo ni Alhamisi. Kadi ya mlango wa nje ina nzi 14, ya ndani ina wawili, zile sita za katikati hazina kitu. Kuna mnyanya mmoja mstari wa tatu ambao kilele chake sikukipenda, ingawa chini ya majani sikuona kitu. Nimeufunga uzi mwekundu. Kijana ameshaweka mfuko karibu, na Jumatatu alfajiri nitaugeuza tena.